Timu Iliyosimuliwa Nyasini

Asubuhi ile niliamka Kisenyi, mtaa wa Kampala, miguu ikiniwasha. Chumba changu kilikuwa nyuma ya gereji, na mafundi walikuwa wameshaanza kunyoosha mlango wa lori kwa nyundo. Sikuwa nimegombana na mtu. Nilikunja shuka, nikatia nguo kwenye mkoba, nikamwachia jirani ufunguo na sufuria. Akauliza naenda wapi. Nikamwambia nikifika nitajua.

Nilipenya vichochoro vya maduka vya Kikuubo kabla wapagazi hawajaziba njia, nikapanda kilima cha Nakasero, nikala ndizi sokoni nikiwa nimesimama. Kukaa kunanishinda. Hata shule niliiacha mapema kwa ajili hiyo: mwalimu alitaka tutazame ubao, nami nilitaka kujua lori lililopita nje limebeba nini. Nikateremka tena, nikashika barabara ya Entebbe, na kila nilipoona watu wengi nilikata upande mwingine.

Ndivyo nilivyotokea kwenye uwanja wa chuo kimoja, wenye uzio wa michongoma. Ndani, vijana walikuwa wakitembea kwa mstari mmoja, bega kwa bega, vichwa chini, katika nyasi zilizowafika magotini. Kila mmoja alishika fimbo yenye kijiwavu kichwani, akizipapasa nyasi nayo. Nilidhani wanatafuta nyoka. Mwendesha boda aliyeegesha kando ya uzio aliwapigia kelele:

"Leo mmepata senene ngapi? Tuuzieni kikombe!"

"Ingia wewe ndani, tukukaange!" akajibu mmoja wao, mrefu kama mlingoti.

Boda akacheka, akaondoka. Mimi niliruka uzio.

"Mnatafuta nini?"

"Mpira," alisema yule mrefu. "Mdogo kama ndimu. Na ndio wa mwisho. Macho yako mazima? Basi ingia kwenye mstari. Hapana ruka hatua."

Alikuwa nahodha. Baba yake alikuwa askari kutoka kaskazini, naye amekulia kambini, ndiyo maana wenzake walimwita Afande na yeye akaitikia bila kutabasamu. Nikasimama kati yake na golikipa, kijana mfupi mwenye kifua kipana, aliyekuja Kampala na jamaa zake wakimbizi kutoka Bukavu, Kongo. Wakanieleza huku tukitembea. Mchezo unaitwa lakrosi. Mpira hupokewa kwa wavu, hukimbizwa kwa wavu, hurushwa golini kwa wavu. Ukikosa goli unaishia nyasini, na mipira yao yote ilikuwa imeishia humo.

Nikauliza kwa nini wasiache watafute kesho.

"Kesho hakuna," alisema Afande. "Mwalimu wa michezo anakuja mchana huu. Watu wa raga wanataka uwanja. Wamemwambia hapa hakuna timu, kuna watu wanasimama majanini. Akitukuta hivi, tumekwisha. Hakuna uwanja mwingine."

Alisema akiwa ameinama, akizidi kupekua nyasi kwa fimbo.

Nilitaka kuondoka. Nimezoea kuondoka mambo ya watu yanapoanza kunilemea. Lakini wakati huo golikipa alikuwa ameanza kusimulia, na hadithi ikinishika huwa sina miguu. Huo ulikuwa utaratibu wao: mpira ukipotea, historia inaanza. Aliyejiunga karibuni huwekwa katikati ya mstari, na wenyeji humsimulia timu ilikotoka mpaka mpira uonekane. Kuna waliomaliza chuo wakijua habari za mwaka wa kwanza tu, kwa sababu mipira yao ilionekana upesi.

Mwalimu mmoja mgeni, akasema golikipa, aliwaachia waanzilishi gunia la fimbo akarudi kwao kabla ya kuwafundisha nani ashike ipi. Kulikuwa na fupi na ndefu. Wakafikiri, wakaona jambo ni wazi: fimbo ndefu ni za watu warefu. Warefu walikuwa watoto wa askari wa kaskazini. Wakabeba fimbo ndefu, wakaenda mbele kufunga.

"Tulipigwa!" alidakia Afande, kana kwamba alikuwepo. "Tulipigwa mpaka wale wa chuo kingine wakatuonea huruma. Nahodha wao akauliza, jamani, mbona mabeki wenu wote wako kwetu?"

Kumbe fimbo ndefu ni za mabeki. Ndipo warefu wakarudishwa nyuma, na tangu siku hiyo ngome ya timu ile inaitwa Kaskazini, acheze yeyote yule.

"Mimi huyu, na ufupi huu, mwaka wa kwanza nilicheza Kaskazini," alisema golikipa. "Mama yangu hakunielewa kabisa."

Uwanjani waliitana kwa Kiswahili. Wapinzani wao wengi walikijua kama lugha ya askari tu, na Afande akinguruma "Simama hapo!" mtu husimama kwanza, ndipo akumbuke yuko mchezoni.

Tulifika mwisho wa uwanja, tukageuka, tukarudi. Hakuna kitu. Mara mmoja akanong'ona kwamba mwalimu wa michezo anaingia getini.

Afande alinyooka. Aliutazama uwanja, akawatazama wenzake.

"Chezeni."

"Na nini?"

"Chezeni tu! Mpira huu hata ukiwepo mtu hauoni."

Wakacheza. Sijawahi kuona kitu kama kile. Walikimbia, wakasukumana, wakarusha hewa kwa nguvu zote, na aliyerushiwa akaipokea, akaizungusha wavuni isidondoke. Mwalimu wa michezo, mtu mzima mwenye kofia, alisimama karibu yangu akigeuza shingo kulia na kushoto. Hata mimi niligeuza. Afande akavunja ngome, akavuta fimbo nyuma, akapiga. Golikipa akaruka upande wa kushoto, akaanguka kifudifudi.

"Imeingia!" alipaza Afande.

"Imeingia wapi? Nimedaka!"

"Wewe mwongo! Imepita chini ya mkono wako, wote wameona!"

"Miye ndiye golikipa! Nimedaka, iko kwenye wavu yangu!"

"Basi tuonyeshe!"

Golikipa akatazama ndani ya wavu wake. Afande akafumba macho.

"Na mimi nionyeshe," alisema mwalimu wa michezo.

Afande alikuja hadi mbele yake, akasimama wima kama gwaridani, akamwambia kweli. Mpira umepotea nyasini, ndio wa mwisho, na timu ipo. Yule mzee akavua kofia, akajifuta jasho. Nilidhani atacheka, lakini hakucheka.

"Timu nimeiona," alisema. "Mtu hagombani hivyo kwa goli la uongo kama hana timu. Lakini nyasi hizi anakata nani? Wa raga wameahidi kukata. Wiki ijayo nikizikuta hivi, uwanja ni wao."

Vijana wakatazamana. Ilikuwa juma la mitihani. Wengine walikuwa na karatasi asubuhi na jioni.

"Nitakata mimi," nilisema.

Sijui nani alishangaa zaidi.

"Huyu nani?" aliuliza mwalimu wa michezo.

"Ni wa Kaskazini," alisema golikipa haraka.

Afande alinitazama kuanzia viatu mpaka mkoba. "Unakaa wapi?"

"Sijui bado."

Golikipa alinipeleka kwa shangazi yake, nyuma ya chuo, mama mnene anayeuza vitenge, mwenye chumba cha uani kilichokuwa wazi. Alinifungulia, akafagia kizingiti kwa mguu, akanionyesha bomba la maji na kamba ya kuanikia. Kisha akauliza nitakaa muda gani.

"Mpaka nyasi ziishe, shangazi."

Alicheka akashika mlango. "Mwanangu! Na hizi mvua? Hapa nyasi iko naisha lini?"

Nilitandika shuka. Nyuma ya ukuta wa uani kitu kilikuwa kikizunguka na kusaga, kikinyamaza, kikianza tena. Nilisikiliza kidogo, kisha nikauacha mkoba ndani, nikatoka kwenda kuuliza ni nini.