Ndugu wa Nne Katika Swali la Uwiano

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya harambee iliyokuwa juu kidogo ya soko la Kebirigo, Mwalimu Mkuu alinikabidhi boksi la chaki, azimio la kazi na onyo. Azimio la kazi ni ule mpango wa mada gani ifundishwe wiki gani. Onyo lilikuwa hili:

"Madam, hapa tunapima mara moja, mwisho wa muhula. Wa Kidato cha Pili asiyefika arobaini katika hesabu haendi cha Tatu. Usije ukanililia."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Wazazi, watu wa majani chai na ndizi, walikuwa wamejijengea shule wenyewe, na nafasi zilikuwa chache kuliko watoto. Nilimwelewa. Lakini chuoni tulikuwa tumefundishwa kutoa majaribio mafupi kila mada ikiisha, ili mwalimu ajue kilichoingia na kilichopita pembeni kabla mambo hayajaharibika. Nikaanza kuyatoa kila Ijumaa asubuhi.

Msichana mmoja, Nyaboke, alinitatiza. Maswali ya tarakimu tupu alipata yote. Ya maelezo alikosa yote. Baba yake alikuwa amekwisha kusema kwamba akianguka atabaki nyumbani kuchuma chai.

Nilimwita mezani. Swali lilisema Ombati, Onchiri na Mogaka wagawane shamba kwa uwiano wa mbili, tatu na tano, "respectively". Yeye aligawia watu wanne.

"Huyu wa nne ni nani, Nyaboke?"

"Ni Respectively, Mwalimu. Ametajwa mwisho. Hakuandikiwa sehemu yake, nikampa moja. Sikuona haki ndugu anyimwe shamba."

Nikaangalia tena. Alikuwa amejumlisha sehemu kumi na moja, akagawanya bila kosa hata dogo. Nilimweleza kwamba neno lile si mtu. Maana yake ni kila mmoja kwa zamu ya jina lake. Alifunika uso, kisha akacheka, akafuta, akapata jibu kabla sijakaa vizuri.

Nikaipeleka karatasi kwenye mkutano wa walimu, nikaeleza kwamba mtoto hakwami kwenye hesabu bali kwenye Kiingereza, maana nyumbani wanasema Ekegusii.

"Mtihani wa taifa hautaletwa kwa Ekegusii, Madam," alisema Mwalimu Mkuu.

"Ni kweli, Mwalimu. Ndiyo maana nataka kumfundisha Kiingereza cha hesabu. Hesabu yenyewe anayo."

Akasoma lile jibu. Alicheka hadi akavua miwani. "Huyu ana haki kuliko kesi zetu za mashamba. Haya, mchukue saa ya michezo. Lakini arobaini ni arobaini."

Alikuja Nyaboke, na wiki iliyofuata wakaja wenzake, karibu nusu ya darasa. Tulisoma swali kwa Kiingereza, tukalijadili kwa Ekegusii, tukaliandika tena kwa Kiingereza. Mwisho wa muhula Nyaboke alipata arobaini na sita. Hakuwa wa kwanza wala wa kumi, ila alivuka, na baada ya Kidato cha Nne akasomea uuguzi. Mwalimu Mkuu hakunisifu. Aliniambia tu, "Hayo majaribio yako ya Ijumaa, wafundishe na wenzako."

Miaka ya sabini nilihamishiwa shule ya wasichana ya masista upande wa Ogembo, nikiwa msimamizi wa masomo. Niliomba katika kila ripoti kiandikwe pia kitu ambacho mwanafunzi hakukiweza muhula uliopita na sasa anakiweza.

"Wazazi wanataka namba, Mwalimu," alisema Sista Mkuu.

"Tuwape namba, Sista, na sentensi moja."

Walimu walinung'unika kwa kazi ile ya ziada. Kisha siku ya wazazi mama mmoja akaomba asomewe sentensi ya binti yake mara mbili, na manung'uniko yakapungua.

Nimestaafu sasa. Wajukuu hufika likizoni na ripoti zao, wakitaka nianze na alama za juu. Nawaambia, "Nionyeshe ulipokosa, uniambie ulikuwa unafikiri nini." Mwanzoni walinuna. Siku hizi wanavuta viti wenyewe.