Raba Zangu na Msiba wa Masakta

Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni amenyeshewa, nikaziweka raba zake kando ya jiko la mkaa zikauke. Baada ya muda harufu ikaanza kupanda: mpira unaopata moto, kitambaa kibichi, tope. Nikaacha kumenya viazi. Nilikuwa na miaka tisa tena, tuko Haydom, na baba ananiambia nilale mapema kwa sababu kesho ni Jumamosi, tutapanda basi twende tukatembee.

Niwaambie ukweli, mpaka leo sijakutana na mtu mwingine wa kule aliyepanda basi ili akatembee. Watu hupanda basi ili wasitembee. Mabasi yalikuwa yanaingia Haydom yamebeba wagonjwa na ndugu zao, wenye mabeseni na mablanketi, na sisi ndio tulikuwa tunapanda asubuhi yakiondoka. Hatuna mgonjwa, hatuna mzigo. Tuna chupa ya maji na karanga za kukaanga ndani ya karatasi.

Baba alikuwa muuguzi katika hospitali ya pale, amehamishiwa huko kikazi kutoka Songea. Watu walimwita daktari, alikataa mpaka akachoka, akaitika. Mwaka ule mama alikwenda Songea kumwona bibi, akaugua ghafla huko huko, akafariki. Habari ilitufikia wakati mvua zimekata barabara. Tulifika siku ya nne tukakuta ameshazikwa, na maua juu ya kaburi yameanza kunyauka. Baba, mtu anayeuguza wazazi wa watu kila siku, alisimama pale akauliza kama waliochimba kaburi walipewa chakula. Hakulia pale, na tuliporudi Haydom hakulia.

Alianza kutembea. Kila Jumamosi asipokuwa zamu tulipanda basi, mara la kwenda upande wa Mbulu, mara la kwenda upande wa Katesh, na mahali popote anapopapenda anamwambia konda atushushe.

"Hapa hakuna kitu, daktari," konda anasema.

"Najua. Tushushe."

Tukishuka alitoa mfukoni daftari dogo la shule, akaandika, tukaifuata njia yoyote ya miguu iliyokuwa karibu. Mimi ni mtu wa kuuliza, nimezaliwa hivyo, lakini hilo daftari alilifunga kila nilipochungulia. Kwa hiyo nikawa nakisia. Kwanza nilidhani anatafuta madini. Halafu shamba. Halafu nikamsikia Mama Paskali, jirani yetu, akimwambia mwenzake bombani kwamba mwanaume peke yake hawezi kulea mtoto wa kike, na kwamba Baba Skola atampeleka tu huyu mtoto kwa bibi yake Songea, anajishauri. Skola ndiye mimi.

Hapo nikaelewa kila kitu, au nilidhani nimeelewa. Safari za Jumamosi zilikuwa mtihani. Baba alikuwa ananipima kama naweza kuishi naye. Nikilalamika, nikichoka, nikiomba kubebwa, ananifungia nguo zangu kwenye begi. Bibi nilimpenda, lakini kumwacha baba peke yake na ile nyumba iliyonyamaza sikuweza hata kukufikiria. Nikaapa sitachoka.

Na kutembea kwenyewe, jamani, kulikuwa kutamu. Nakumbuka Maretadu, njia imepita katikati ya mahindi marefu kuliko baba, maharage chini yamefunika ardhi, na ukikanyaga majani yake yanatoa harufu ya ubichi inayobaki kwenye soksi mpaka nyumbani. Tulikutana na mama mmoja mzee anapalilia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza tumepoteza ng'ombe wa rangi gani.

"Hatujapoteza ng'ombe, mama. Tunatembea tu," baba akasema.

Aliegemea jembe lake. Halafu akatuambia kwa upole kwamba hata hivyo tangu asubuhi hajaona ng'ombe yeyote amepita hapo, labda tujaribu kule bondeni.

Siku ya Masakta raba zangu zilikuwa zimeanza kunibana. Miguu ilikuwa imekua, nami sikusema, maana nani anamwomba raba mpya mtu anayejishauri kukufukuza? Usiku mvua ilinyesha, na tuliposhuka kwenye basi njia ilikuwa utelezi mtupu. Pale barabarani walikuwepo wanawake wawili na mwanaume mmoja. Mwanamke mmoja ameweka sufuria kubwa kichwani, la kupikia watu wengi. Walituangalia, baba na shati lake lililopigwa pasi, mimi na gauni la Jumapili, wakasogea.

"Poleni sana na msiba," yule mwanaume akasema.

"Asante. Tumeshapoa," baba akajibu.

Sasa mnielewe. Miezi minne kila aliyetuona alitupa pole, sokoni, kanisani, wodini, na baba alikuwa anajibu hivyo hata kabla mtu hajamaliza kusema. Alidhani wanamjua kutoka hospitalini. Wao waliona watu wawili nadhifu wameshuka mahali ambapo hakuna mtu anayeshuka bila sababu, nao wana msiba kijijini. Wakatuweka katikati tukaanza kwenda.

Tulitembea kama saa nzima. Mlima Hanang ulikuwa mbele yetu, wingu limeukalia kichwani, na chini yake alizeti zote zimegeuzia nyuso zao upande mmoja. Nyuma ya kisigino changu kitu kilikuwa kinaungua. Niliuma mdomo nikahesabu hatua, nikifika mia naanza upya, huku nikijiuliza lile sufuria linakwenda wapi. Baba hakuuliza. Alifurahi tu kupata wenyeji wanaoijua njia, akawa anaandika kwenye daftari.

Halafu njia ikapinda, tukaona turubai, mabenchi, watu wengi wamekaa kimya, na pembeni ya nyumba rundo la udongo mwekundu uliotoka kuchimbwa. Baba akasimama. Daftari likarudi mfukoni.

"Skola," akaninong'oneza, "tumeingia msibani."

"Kwa nani?"

"Sijui."

Kugeuka haiwezekani. Hakuna mtu anayefika uani kwa wafiwa akageuka. Tukapeana mikono na watu wote, mmoja mmoja. Aliyefariki alikuwa bibi wa nyumba ile, na mume wake, mzee mwembamba aliyejifunika blanketi, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Baba akamwamkia shikamoo. Mzee akaitikia, akamwonyesha baba mahali pa kukaa katika benchi la ndugu.

Walipozika, ndugu waliitwa wakatupie udongo. Baba alisitasita, mtu akamgusa bega, apite. Nilimwona akiinama, akachota kiganja kizima, akakaa nacho. Watu wakangoja. Akafungua mkono, udongo ukaanguka, na baba akapiga magoti pale pale pembeni ya kaburi akalia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Alimwita mama yangu kwa jina. Wanaume wawili walimshika mikono, lakini hawakumnyamazisha.

"Inaonekana marehemu alimpenda sana huyu," mama mmoja karibu yangu akasema, akajifuta macho na kitenge chake.

Niliogopa. Nikakimbia kumfuata, nikichechemea, na yule mama aliyebeba sufuria akanidaka. Alinikalisha chini akaivua raba. Soksi ilikuwa imeshikana na kidonda, damu imefika mpaka chini ya unyayo.

"Baba yake huyu mtoto yuko wapi?" akauliza kwa ukali. "Mtoto anatembezwaje hivi?"

Baba alikuja, macho mekundu. Akakaa chini kwenye tope na shati lake la pasi, akaushika mguu wangu akauangalia kama anavyoangalia miguu ya wagonjwa, polepole. Akaomba maji ya moto na chumvi. Akaniuliza kwa nini sikusema.

"Ningesema nimechoka ungenipeleka Songea," nikamjibu, nikaanza kulia na mimi.

Hakusema siyo kweli, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Aliuosha mguu, akaufunga na leso yake, akanyanyuka akaenda kwa yule mzee. Nilimsikia vizuri.

"Mzee, nisamehe. Sisi hatukumjua marehemu. Tulishuka tu kwenye basi, tunatembea. Nimekosea kuja mbele kaburini."

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Akavuta blanketi.

"Udongo si umeshatia?"

"Nimetia, mzee."

"Basi kaa ule."

Tukala makande ya watu. Saa tisa baba alinibeba mgongoni njia nzima mpaka barabarani, raba zangu mbili zimefungwa kamba zikining'inia shingoni kwake. Usiku ule alizianika kando ya jiko, akakaa kuziangalia, na nyumba nzima ikanuka ile harufu. Mimi nililala nikijua nimefeli mtihani, na kwa wiki nzima nililichungulia begi lililokuwa juu ya kabati. Halikushushwa. Jumamosi iliyofuata alininunulia raba mpya, kubwa kuliko mguu, za kukulia.

Mwaka aliostaafu nilikwenda kumsaidia kufungasha, nikalikuta lile daftari. Nilimwomba ruhusa, akacheka, akasema soma, wewe mtoto hujaacha umbeya. Nilikaa sakafuni nikasoma. Kila ukurasa jina la mahali, basi la saa ngapi, maji yanapatikana wapi, kilima kikali kiasi gani. Na chini ya kila ukurasa, kuanzia wa kwanza, swali lile lile kwa kalamu ya bluu: *Skola nimpeleke au abaki? Nitaweza?*

Kwa hiyo mtihani ulikuwepo kweli, sikuwa mjinga. Nilikosea mtahiniwa tu. Miezi yote ile mtu aliyekuwa anapimwa kwenye zile njia ni yeye, nami nilikuwa natembea nyuma yake nauma mdomo, kila mmoja wetu anaficha kidonda chake.

Nikafungua ukurasa wa Masakta. Basi la saa mbili, ameandika. Njia ina utelezi, mlima unaonekana. Halafu mwandiko unabadilika, kama umeandikwa baadaye, nyumbani, kando ya jiko. Swali halipo. Yapo maneno manne:

*Tumemzika mama yake. Anabaki.*