Nyuzi Mpya za Mzee Nyamhanga

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, na ndiyo hiyo hiyo ninayoielewa kidogo kuliko zote.

Wewe umefika hapa kwangu Nkende na gitaa mgongoni, umeniamkia shikamoo vizuri, halafu ukaniuliza swali jepesi: nyuzi zibadilishwe lini, na zibadilishwe vipi? Usidhani sikusikia. Nilisikia. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, maana mimi kwa kubadilisha nyuzi niliharibu siku ya binti wa watu. Haya, sogeza kiti, hilo jua litakuchemsha ubongo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kwetu Gorong'a. Jirani yetu alikuwa mzee mmoja, Nyamhanga. Zamani alichimba dhahabu kule Matongo, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, na siku moja baruti ikalipuka kabla hajatoka. Mikono alitoka nayo, miguu alitoka nayo, masikio yakabaki shimoni. Hata ng'ombe alie karibu yake, hasikii. Lakini alipiga gitaa! Hapo ndipo watu walipochanganyikiwa. Alilikumbatia, kifua juu ya mbao apate ule mtetemo, vidole vikaenda vyenyewe, na ilikuwa tamu, we acha tu. Akina mama waliokuwa wakitoka mtoni walisimama na ndoo kichwani.

Alikuwa na binti, kitinda mimba wake, Bhoke. Bhoke alipozaliwa, mzee akiwa bado anasikia, alimtungia wimbo usio na maneno, gitaa tupu. Akaahidi mbele ya ukoo kwamba siku atakayotoka kwenda kwa mumewe atampigia wimbo ule, na hiyo ndiyo itakuwa baraka yake. Baada ya ile baruti aliona haya kusema mbele za watu, sauti yake ilimtoka kubwa mno au ndogo mno. Kwa hiyo baraka yote ya Bhoke ilikuwa ndani ya lile gitaa. Hilo kila mtu alilijua, hata mimi.

Sasa mimi nilikuwa nimetoka Sirari, kule mpakani. Wiki tatu nilishinda na kijana mmoja wa bendi, mtu wa ng'ambo ya mpaka, akanifundisha nyimbo mbili na kutyuni, yaani kukaza nyuzi mpaka sauti zielewane. "Buda, gitaa iko na tyuni moja tu dunia nzima," aliniambia. "Hiyo ingine yote ni makelele." Nikalimeza neno lile bila kutafuna. Nikarudi Gorong'a mabega juu, mjuaji mkubwa.

Sikiliza ujinga wangu. Mara nyingi mzee aliniachia gitaa lake nijaribu. Nikilishika mimi, linalia kama sufuria zilizoanguka. Akilishika yeye, asali. Gitaa lile lile, nyuzi zile zile! Mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikajiambia, maskini, mzee hasikii, nyuzi zimelegea na kuota kutu, hajui kwamba gitaa lake limeharibika, na hao wanaomsifu wanamwonea huruma tu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa tayari nakitandika upya.

Siku ya kumtoa Bhoke ikafika. Asubuhi mzee alikuwa zizini na wageni wa upande wa mume, mimi nikatumwa nilifute gitaa vumbi. Mfukoni nilikuwa na nyuzi mpya, seti nzima, yule wa bendi alinipa tulipoagana. Nikasema, leo namfanyia mzee jambo ambalo hatalisahau. Na kweli hakulisahau.

Nikalegeza zote sita kwa mpigo. Nikazing'oa, nikazitupa nyuma ya nyumba. Nikafunga mpya, nikakaza, nikatyuni vile nilivyofundishwa, uzi kwa uzi. Nikapiga kidogo, ikalia safi. Sikuona kosa. Mwanangu, naapa, sikuona kosa hata dogo.

Mzee alipolichukua akaona nyuzi zinang'aa. Akazipapasa kwa kidole gumba, akasita kidogo, akanitazama. Mimi nikacheka meno yote nje. Naye akacheka, akanipiga begani, akasema kwa ile sauti yake kubwa, kama mzee anavyomwita kijana wake, "Umefanya vizuri, mura!" Aliniamini. Kila nikifika hapo nataka kuinuka niende zangu.

Basi akaketi katikati ya uwanja. Bhoke amesimama mbele yake na shuka jipya mabegani, wifi zake wamemshika mikono. Mzee akainamisha kichwa, akaanza.

Jamani! Sijui nikuambie ilikuwa sauti gani. Vidole vilikwenda pale pale vilipokwenda siku zote, na kilichotoka ni ugomvi. Uzi mmoja unavuta huku, mwingine kule. Na kwa kuwa zilikuwa mpya, zilizidi kulegea kadiri alivyopiga, kila mzunguko ukawa mbaya kuliko uliopita. Nilishika kichwa. Nimetyuni mwenyewe, nimehakikisha mwenyewe, sasa hii nini? Nikafikiri labda ni masikio yangu. Nikamtazama mama mmoja aliyekuwa kando yangu, akaninong'oneza, "Mzee amekunywa leo?" Vijana wa upande wa mume wakaanza kukanyagana miguu kwa kicheko.

Yeye hakujua. Alikuwa anatabasamu, macho amefumba, anampigia mwanawe baraka yake. Nimwendee nimshike mkono? Nimwache? Mpaka leo sijui lipi lilikuwa sawa. Nilisimama tu kama mti wa zizi, na wimbo ukaisha.

Akainua uso. Mwanangu, asiyesikia husoma nyuso za watu kuliko unavyosoma simu yako. Hakuna aliyepiga makofi. Kisha Bhoke akapiga, peke yake, kwa nguvu, machozi yakimtiririka, na wengine wakafuata. Mzee alizunguka nyuso zote, moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye wangu. Nikaangalia chini. Akaniletea gitaa, akanikabidhi mkononi, akaingia ndani. Bhoke akaondoka hajausikia wimbo wake.

Siku tatu sikulala vizuri. Siku ya nne nikaenda. Nilisema polepole asome midomo yangu: "Mzee, ni mimi. Nyuzi. Nilidhani limeharibika."

"Ulitoa zote pamoja?"

"Zote."

"Hukubakiza hata mmoja?"

Nikatikisa kichwa. Ndipo akanieleza. Kabla ya gitaa alikuwa mpigaji wa litungu, ile ala yetu ya nyuzi nane, na alipopata gitaa alizikaza nyuzi zake kwa sauti za litungu, kwa sikio, enzi alipokuwa nalo. Haikuwa tyuni ya Sirari wala ya dunia nzima, ilikuwa yake. Tangu apotelewe na masikio, uzi ukichoka alibadilisha huo mmoja tu, akiukaza mpaka kifua chake kisikie umetulia na wenzake. Tano zilizobaki zilimshika mkono yule wa sita. Kwa miaka yote hiyo zilirithishana sauti, moja baada ya nyingine, mpaka nilipokuja mimi na seti yangu inayong'aa.

"Mbona hukuniuliza?" akasema.

"Nilijua husikii, mzee."

Akagusa sikio lake, kisha mdomo. "Mura," akasema, "kilichokufa ni masikio. Mdomo ninao."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Tulijaribu kurudisha, mimi nikikaza, yeye akilaza kifua na kutikisa kichwa. Hapana. Hapana. Labda. Hapana. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini tuliyachota na udongo wake wiki nzima. Kisha Bhoke akaja kusalimia, mara yake ya kwanza tangu aolewe, tukamweka yeye awe masikio, maana wimbo ule alikua akiusikia nyumbani. Alifumba macho, anasema panda, shuka, panda kidogo. Jua likapita kichwani. Mwishowe akafumbua macho, akamshika baba yake magoti, akasema wazi ili asome: "Tata, ndiyo huo. Umerudi." Mzee alipiga siku ile mpaka vidole vikavimba. Alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Nilimsindikiza Bhoke njiani, moyo mwepesi, nikamshukuru kwa masikio yake. Akasimama.

"Siyo," akasema. "Hata karibu hatujafika. Lakini wewe nyamaza, mwache apige."

Nikanyamaza. Mzee alipiga wimbo ule usio wenyewe mpaka alipokufa, na kila nilipopita aliniita nisikilize. Wakati mwingine aliniangalia sana usoni akipiga, na mimi nikatabasamu. Je, alijua? Alikuwa anamficha Bhoke kwamba anajua, kama Bhoke alivyomficha yeye? Nimeuliza wazee wenzangu, kila mmoja ana jibu lake, na mimi mwenyewe asubuhi nasema alijua, jioni nasema hakujua.

Haya, swali lako. Nyuzi badilisha zikiwa nyeusi, zikikwaruza kidole, zikikataa kukaa unapoziweka, au ule uzi mnene ukianza kufumuka. Usingoje zikatike, ila pia usibadilishe asubuhi ya shughuli. Uzi mpya ni kama ndama aliyefungwa kamba leo, utavuta na kulegea, upe siku mbili tatu, uuvute kidogo kwa mkono, uutyuni tena na tena. Legeza kabla ya kukata, usije ukakutoboa jicho. Ncha ukate fupi. Ukimaliza kupiga, pangusa jasho, zitadumu.

Na toa mmoja, weka mmoja. Wengi watakuambia ni kwa ajili ya shingo ya gitaa, isishtuke. Mimi nakuambia ni kwa ajili ya zile tano zinazobaki, zinajua jambo ambalo wewe hulijui. Ninyi mna simu inayowaambia uzi umefika au bado, sawa, lakini ile simu ni kama yule wa Sirari, inajua tyuni moja. Likiwa gitaa la mtu, lirekodi kwanza lilivyo. Halafu mwendee mwenyewe. Ukiona kitu kinalia vibaya mkononi mwako na vizuri mkononi mwa mwenzako, usikitengeneze. Uliza. Hata kama mwenyewe ni kiziwi, bubu, mzee, au mtu unayemwona hajui lolote, muulize angali hai, kwa sababu mimi swali langu kubwa nimebaki nalo na wa kulijibu amelala Gorong'a.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akupe vidole vyepesi na ulimi usioona haya kuuliza. Akupe wazee wa kukukemea wakingali na pumzi. Na siku utakapotabasamu mbele ya mtu uliyemkosea, akujalie kujua kama amekusamehe.