Oili Kwenye Bao la Babu

Kila nikilitoa bao la babu kabatini, nalinusa kabla sijaweka kete. Harufu ya oili imo bado.

Siku oili hiyo ilipoingia, baba alikuwa uani kwetu Msambweni, anabadilisha kemshafti ya pikapu, chuma kirefu kinachozunguka ndani ya injini. Gari hiyo ndiyo iliyotulisha. Alitoa tapeti nane, vikombe vidogo vya chuma vinavyokaa chini ya kemshafti, akasema kila kimoja lazima kirudi pale pale kilipotoka, vikichanganyika injini itaharibika. Akawa anatafuta pa kuvipanga.

Babu, ambaye hakutuachia hata sisi wajukuu tuguse bao lake, alivua kofia akamimina kete zote ndani yake.

"Weka hapa," akasema. "Mstari mmoja mashimo nane."

Mwenzake wa bao alipokuja baada ya alasiri, alimkuta kichwa wazi, anawafukuza kuku wasilisogelee.

"Leo hatuchezi," babu akamwambia. "Kijana wangu ana kazi."

Gari ilipowaka, baba alichukua kitambaa afute yale mashimo meusi, huku akiomba radhi.

Babu akamshika mkono. "Wacha, mwanangu. Liache na harufu yako."