Siku Niliyosoma Karatasi za Papa Harlan

Mtanicheka, najua, na mcheke tu, maana hata mume wangu Bahati alicheka mwishowe (baada ya wiki tatu, maana mwanzoni naye alikuwa hapati usingizi kama mimi), lakini sijawahi kusimulia aibu hii mpaka mwisho kwa sababu kila nikifika pale kwenye maikrofoni naishia hapo. Leo nitajikaza.

Ilikuwa mwaka ule treni ya kuunganisha Minneapolis na Saint Paul, hapa Marekani, ilipoanza. Sisi tulikuwa na miaka miwili mtaa wa Phillips tangu tutoke kambi ya wakimbizi, na mimi nilikuwa nimepata kazi ya kumhudumia mzee mmoja huko Saint Louis Park. Jina lake Harlan, mimi nilimwita Papa Harlan kama tunavyoita wazee kwetu Uvira, naye alipenda. Alikuwa na miaka tisini na moja. Alikuwa amepasuliwa koo, sauti imekwisha kabisa, akawa anaandika kwenye kibao cheupe kwa kalamu ya kufutika. Ukutani kwake ni picha tupu: Papa Harlan kijana na kofia ya kondakta wa tramu, Papa Harlan diwani anakata utepe wa shule, Papa Harlan mbunge wa jimbo, kisha seneta wa jimbo, amesimama na wakubwa ambao wote walishakufa. Alianza kwenye tramu, akaongoza chama cha wafanyakazi, baada ya Vita vya Pili vya Dunia akagombea udiwani akashinda, akapanda na kupanda bila kushindwa hata uchaguzi mmoja. Kwetu mtu wa namna hiyo ukimwona unahamia upande wa pili wa barabara. Huyu mimi nilimkata kucha.

Kila asubuhi nilimsomea gazeti, na aibu yenyewe imeanzia hapo. Kiingereza nilijua kukisoma kuliko kukielewa. Herufi nilizijua tangu shule ya masista, matamshi alinirekebisha yeye mwenyewe kwa kugonga mkono wa kiti, basi nikawa nasoma mambo ya bajeti na theluji kwa sauti safi kama mtangazaji wa redio, na nusu yake sijui ninasema nini. Hakuna aliyejua. Wanjiru, nesi wa Kenya aliyekuja kila wiki kumpima presha, aliwahi kuniambia, "Mama Riziki, wewe unasoma kunishinda!" Nami nikatabasamu, nikafungua ukurasa mwingine.

Sasa, ukumbi mmoja wa mtaa kule Saint Paul ulikuwa umekarabatiwa, wakaamua kuupa jina la Papa Harlan. Binti yake Judith, mwalimu mstaafu, mtu wa kupanga mambo mpaka soksi, akamwandikia hotuba ya shukrani ya ukurasa mmoja, akaiweka kwenye faili la bluu. Nani ataisoma? Papa Harlan akaninyooshea kidole mimi. Judith akaniuliza, "Utaweza?" Nikasema ndiyo.

Asubuhi ya siku yenyewe Judith alikuwa chini anawasha gari. Papa Harlan akavuta karatasi tatu chini ya mto wa kiti chake, zimeandikwa kwa mkono wake, akatoa ukurasa wa Judith kwenye faili, akaweka zake, akaandika kibaoni: Usimwambie Judith. Kisha akanipa nizitazame. Nikapitisha macho. Niliona nyumba, niliona barabara, niliona jikoni, niliona baba zenu na mama zenu. Nikafikiri, ah, mzee anakumbuka zamani. Akafuta kibao, akaandika polepole kwa herufi kubwa: Umeelewa yote? Bado uko tayari kunisomea?

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu. Lakini mimi ndiye msomaji wake, mimi ndiye mwenye sauti ya redio, na alikuwa ananitazama kwa macho yale ya maji, nikajibu, "Nimeelewa, Papa. Hakuna shida." Akanishika mkono akaubusu. Nikadhani anasifu kitenge changu (kilikuwa kipya, cha ndege wekundu).

Ukumbi ulikuwa umejaa, wengi wazee wenye fimbo, wenyeji wa zamani wa mtaa ule, na Wanjiru naye alikuja kumwangalia mzee. Nyuma ya jukwaa bango lenye jina lake lilikuwa limefunikwa kitambaa, na mlangoni amesimama polisi mwenye sare. Jamani, mtu aliyekulia tulikokulia hamwoni mwenye bunduki kiunoni akaendelea kumeza mate vizuri. Nikajiambia, soma ushuke.

Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri, watu wakacheka kidogo kwenye mambo ya tramu, nikapata moyo. Ukurasa wa pili ukumbi ukanyamaza, nikadhani wameguswa, nikapandisha sauti. Mzee mmoja akasema kitu kwa ukali. Kiti kikaanguka. Bibi mmoja aliyevaa kofia ya sufu akasimama ameziba mdomo. Simu zikainuliwa, moja, tatu, kumi. Judith kwenye safu ya mbele akawa mweupe, halafu mwekundu. Nikafikiri, matamshi! Ninakosea matamshi, hawanielewi! Basi mimi mwerevu nikarudi juu, nikairudia sentensi ileile, polepole, neno kwa neno, na mkono nikiupunga kama kiongozi wa kwaya. Mara mbili.

Wanjiru akaja mbio mpaka kando ya jukwaa.

"Mama Riziki! Wacha! Unajua hiyo ni nini unasoma?"

"Ni shukrani," nikamjibu, kwa Kiswahili, ndani ya maikrofoni.

"Shukrani gani! Unawaambia hawa watu uliingia jikoni kwao ukawaapia nyumba zao hazitabomolewa, na ulikuwa umeshakubali barabara ipite hapo, ndio wakubwa wakusukume uingie bunge!"

"Mimi?"

"Si wewe, ni mzee! Lakini wewe ndiye unasema 'mimi'!"

Nikamwona Judith ameinuka. Nikamwona yule polisi ameacha mlango, anakuja mbele kwa hatua ndefu. Nikawaza Riziki na wadogo zake, nani atawachukua shuleni, nikawaza karatasi zetu za uhamiaji, nikawaza ndege ya kurudishwa, na mikono yangu ikapanda juu yenyewe, yote miwili, karatasi zikaanguka, na Kiingereza pekee kilichonijia ni, "Samahani! Ni mimi! Samahani!"

Watu mia wananipiga picha nikiwa mikono juu. Polisi akanipita. Alikuwa anamwendea Papa Harlan, aliyekuwa anajaribu kusimama mwenyewe na anaelekea kuanguka.

Yule bibi wa kofia ya sufu akapanda jukwaani. Nikafunga macho nikisubiri kofi. Nilipofungua, alikuwa ameinama anaokota ukurasa wa tatu. Akaniwekea mkononi, akasema maneno, Wanjiru akanitafsiria: "Anasema malizia. Anasema wiki ile mzee alipowaapia, baba yake aliweka madirisha mapya nyumba nzima."

Judith akasema, "Inatosha." Bibi hakugeuka hata kumtazama.

Nikasoma. Nilisoma sentensi moja, Wanjiru akanieleza, nikasoma nyingine. Ndiyo mara ya kwanza katika nchi hii nilisoma na kujua ninachosoma, na nilitamani nisijue. Papa Harlan aliandika kwamba kila cheo alichokipata baadaye alikipanda kwa ngazi ile, na akaomba bango lisifunuliwe. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Bibi akashuka mpaka kwa mzee, akamuuliza, "Kwa nini umengoja mpaka baba yangu amekufa?" Mzee akaandika kibaoni. Bibi akasoma, akakilaza kibao kifudifudi juu ya magoti ya mzee, akatoka. Maandishi yalifutika kwenye suruali. Sijui mpaka leo yalisema nini.

"Jumatatu usije," Judith akaniambia kwenye maegesho.

Siku tano sikulala. Video ilizunguka. Kanisani wakaniita jasiri, mchungaji akanisimamisha mbele ya watu, eti nimesema ukweli mbele ya wakubwa, na mimi nikainamisha kichwa tu, nikiona aibu mara mbili. Nyumbani kila hatua kwenye korido nilisema wamekuja. Bahati akaweka karatasi zote kwenye mfuko mmoja. Alhamisi mlango ukagongwa, nikajifungia bafuni, Riziki wangu wa miaka tisa akafungua, nikamsikia anajibu kwa Kiingereza chake safi kwamba mama yupo, amejificha.

Nikatoka. Alikuwa Judith, peke yake.

"Nina swali moja," akasema. "Ulijua kilichoandikwa? Mlipanga pamoja mniaibishe?"

Ningeweza kusema ndiyo, nibaki jasiri wa kanisani. Nilimtazama, nikaona hajalala kama mimi.

"Sikuelewa," nikamwambia. "Hata gazeti sielewi. Aliniuliza nikamdanganya."

Judith akakaa juu ya rundo la viatu mlangoni, akacheka mpaka akalia, au akalia mpaka akacheka, sikujua.

Akanirudisha kazini. Papa Harlan nilimwambia vilevile. Akaandika: Nilidhani tulikubaliana. Nikasema, "Hapana, Papa. Ulikuwa peke yako, na mimi nilikuwa peke yangu." Jina lake halikuwekwa ukumbini. Yeye alifariki majira ya baridi yaliyofuata, na mazishini niliombwa nisome, nikakataa.

Tangu siku ile, daktari akiniuliza nimeelewa, au fundi wa gari, au mwalimu wa Riziki, nasema hapana, rudia. Nikiwa sijaelewa tena nasema hapana tena. Foleni nyuma yangu inaguna. Waache wagune.