Kikombe Kilichoonjwa

Katika mtaa wa Ndosho, upande wa magharibi wa Goma, mama anayetaka kufungua malewa anahitaji sufuria, makaa, kona ya kiwanja cha mtu, na Muzee Adalbert Kamate. Malewa ni vile vibanda vya mbao ambako watu hula bugali wamekaa kwenye benchi, barabara ikiwapitia mgongoni. Sufuria huazimwa, makaa hununuliwa kidogokidogo, mwenye kiwanja hubembelezwa. Muzee Adalbert habembelezwi. Huja siku anayotaka, hula, hushukuru, huenda zake. Akirudi mara ya pili, mama huyo ameokoka, kwa sababu mtaa mzima utakuja nyuma yake. Asiporudi, basi tena.

Kazi hiyo hakupewa na mtu. Aliianza baada ya mkewe, Kahambu, kufariki. Miaka yote alikuwa mfanyabiashara wa barabara ya Butembo, mtu wa kushinda juu ya magunia, na kila aliporudi nyumbani alikuta sahani imefunikwa mezani. Kwa hiyo alifikia uzee hajui hata kuwasha jiko. Watoto wake walimwita Butembo akakataa, akasema kaburi la mama yao liko Goma na yeye hana haraka ya kwenda kokote. Akavaa kofia yake, akachukua fimbo, akaanza kula nje.

Ulimi uliolelewa na Kahambu ulikuwa umedekezwa mno. Maharage yaliyopikwa kwa haraka aliyajua kwa kijiko cha kwanza, na sombe, yale majani ya muhogo, isiyotwangwa vizuri aliisukuma pembeni kwa adabu. Kulikuwa na restora moja ya viti vya plastiki na ubao mkubwa wa rangi mlangoni. Alikula kipande kimoja cha nyama, akaweka uma chini, akasema mbuzi huyo alikufa kwa huzuni. Maneno hayo yaliizunguka Ndosho kabla jua halijatua. Mwenye restora siku hizi anauza vocha za simu.

Mwenzake wa safari hizo alikuwa Munguakonkwa, karani mstaafu wa bandarini, mtu wa upande wa Bukavu. Huyu alikula chochote alichowekewa na kukisifu, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza maoni yake.

Mwaka huo ulikuwa wa vita. Barabara ya Rutshuru ilifungwa, na watu kwa maelfu wakamiminika Kanyaruchinya, wakasimamisha vibanda vya plastiki juu ya mawe meusi ya volkano. Muzee Adalbert alikuwa akiionja vita kwenye sahani hata kabla redio haijatangaza. Viazi vilipungua, halafu vikawa vidogo. Maharage yakawa ya zamani, magumu, ya kutoka mbali. Maziwa ya Masisi yakatoweka. Kisha kipindupindu, ambacho hapa huitwa kolera, kikaingia kambini, na magari yenye vipaza sauti yakaanza kupita hadi Ndosho yakihimiza watu wanawe mikono, wachemshe maji, wasichangie kikombe.

Ni katika kipindi hicho Nyirakamana alipofungua mahali pake pa kahawa.

Alikuwa mama wa upande wa Rutshuru, ametokea Kanyaruchinya na binti zake wawili. Mumewe aliachana nao njiani, akarudi nyuma mara moja tu kuangalia mbuzi, na hadi leo hajaonekana. Huko kwao walikuwa na shamba la kahawa. Hapa Ndosho alipata kona katika kiwanja cha Mama Masika, mwanamke wa Butembo mwenye nyumba tatu na sauti ya watu saba. Kwenye kona hiyo kulikuwa na stoo ndogo nyuma, ndiko alikolala na wanawe. Kahawa aliinunua Kituku, soko la kando ya ziwa, kwenye mitumbwi inayotoka kisiwa cha Idjwi. Aliikaanga mwenyewe, akaitwanga kwenye kinu, akaichemsha na tangawizi. Ndiyo yote aliyokuwa nayo. Kona hiyo ikimponyoka, atarudi kwenye plastiki pamoja na watoto.

Muzee Adalbert alisikia harufu yake nyumba tatu kabla ya kufika, na fimbo ikaongeza mwendo bila yeye kuiambia. Wakaketi, yeye na Munguakonkwa. Barabarani wenye pikipiki walisimama, kofia zao mikononi, kuona Muzee atasema nini.

Nyirakamana alimjua. Alikuwa amemngoja tangu siku aliyofungua. Akatoa kikombe kizuri kuliko vyote, chenye picha ya ua, akamimina. Halafu akafanya kama alivyolelewa. Kwetu Kivu anayemimina ndiye anayeonja kwanza, ili anayepokea ajue kuwa hakuna kitu ndani. Maneno ya sumu ni mengi katika nchi hii, na mtu mwenye heshima hamwachii mgeni wake wasiwasi. Akanywa fundo moja, akafuta ukingo kwa kiganja, akainama kidogo, akakitoa kwa mikono miwili.

"Karibu, Muzee. Iko safi."

Muzee Adalbert alinyoosha mkono. Kisha akaona unyevu uliobaki ukingoni, akasikia ile sauti ya kipaza sauti kichwani mwake, na mkono ukasimama hewani.

"Aksanti, mama," akasema. "Leo hapana."

Akainuka, akaenda. Hakuomba kikombe kingine wala hakueleza neno. Munguakonkwa, ambaye naye alikuwa ameonjewa chake, alikinywa hadi kwenye mashapo, akashukuru, akamfuata. Lakini Munguakonkwa, kama nilivyosema, haulizwi.

Siku chache baadaye Mama Masika alimsimamisha Muzee njiani, uso umejaa furaha.

"Muzee, Mungu akubariki. Ungekuwa hauko, tungekufa bote. Nilishamuambia ule mama atoke kwangu mbele ya Jumapili."

"Mama gani?"

"Si ule wa kawa. Weye njo ulivumbua sumu yake."

"Sumu gani? Miye sikusema sumu."

"Haukusema, ju uko mutu wa adabu," akasema Mama Masika kwa kumhurumia. "Lakini batu balikuona. Ata batoto banajua. Jana vijana balikuya kumutupia majiwe kwa mulango. Nikabafukuza, sitaki damu kwa kiwanja yangu."

Akaendelea na safari yake ya sokoni. Muzee Adalbert alibaki amesimama kwenye vumbi, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hakujua aende kula wapi. Katika mji huu neno la sumu si la mchezo. Mtu anaweza kuchomewa nyumba kwa neno hilo, na aliyelianzisha akawa yuko kwake anakunywa chai, hana habari.

Alimkuta Munguakonkwa kibarazani kwake, anachambua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani.

"Unajua banasema nini?" akauliza.

"Niko na masikio."

"Miye niliogopa kolera tu. Magari yanapita kila siku. Ni makosa?"

Munguakonkwa aliendelea kung'oa vichwa vya sambaza. "Kuogopa kolera si makosa. Ungemuambia, 'Mama, nipatie kikombe ingine.' Angekupatia. Lakini ulikatala mbele ya batu, ukanyamaza. Basi batu balijitafutia sababu."

"Ungeniambia."

"Ulitembea mbiyo. Na kwanza, weye unasikilizaka nani?"

Hilo lilimwingia. Alikaa chini bila kukaribishwa. Kilichomsumbua zaidi hakukisema, hata kwa rafiki yake wa miaka yote hiyo. Alikuwa anajiuliza kama mkono wake ungesimama vilevile endapo mama yule angekuwa wa Butembo, jina lake Kavira au Katungu, akamwita kwa Kinande, lugha ya kwao. Mwezi uliopita tu alikunywa chai kwa binti wa Beni, wa kabila lake, aliyeonja kwanza, vipaza sauti vikipita barabarani, na hakuona unyevu wowote. Jibu alilijua, na aliona aibu.

Munguakonkwa akasukuma bakuli la sambaza katikati ili amsaidie. Wakachambua pamoja. Harufu ya samaki ilimrudisha Muzee mbali sana, kwenye vita vile vya kwanza, alipoingia Goma kwa miguu. Lori lake lilikuwa limechukuliwa njiani pamoja na mizigo, na alikuwa na shati moja. Watu wa Kituku walimwogopa, maana mtu anayetoka barabarani wakati wa vita haijulikani ametumwa na nani. Karani mmoja wa bandarini alimwita kwenye benchi la wakaanga sambaza. Akaagiza kasiksi, akainua ile pombe ya ndizi mbele ya watu wote, akanywa kwanza, akafuta ukingo, akampa. Adalbert alikuwa na kiu ya siku mbili, lakini alichokumbuka baadaye si ladha ya ndizi. Alikumbuka watu wa benchi walivyosogea wakampa nafasi ya kukaa.

Karani huyo sasa alikuwa mbele yake, meno machache, anavua miwani na kuifuta kwa shati.

"Ile kasiksi ya Kituku," Muzee akasema, "ilikuwa mubaya sana."

"Najua," akajibu Munguakonkwa. "Miye njo nilionja."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Muzee Adalbert alikuwa hajawahi kurudi mahali alipokataa, na Ndosho nzima ililijua hilo. Kwa hiyo alipokata kona na kofia yake kuelekea kiwanja cha Mama Masika, wenye pikipiki walizima injini, na muuza makaa akaacha kupima.

Nyirakamana alikuwa ameanza kufunga virago. Kinu kilikuwa kimefungwa kwa kitenge, na binti mkubwa alikuwa akikunja mikeka. Birika moja tu lilibaki jikoni, kahawa ya kujinywea wenyewe. Alipomwona Muzee alisimama wima, mikono ikashika kitenge kiunoni. Hakuonyesha hasira. Alionekana mtu aliyechoka kuhama.

"Nimekuya kunywa kawa," Muzee akasema. "Kama inabakia."

Mama akachukua kile kikombe chenye ua, akakisuuza kwa maji ya moto mara mbili, mbele ya macho yake, akamimina. Akakiweka mezani, akakisogeza kwa vidole viwili kama anayesogeza kitu cha wengine. Hakuonja.

"Mbona haukuonja?"

"Haukutaka, Muzee."

Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini watu waliokuwa wamesogea waliisikia. Mama Masika alikuwa ametoka mlangoni, amesimama juu ya ngazi.

Muzee Adalbert aliangalia kahawa ikitoa mvuke. Alikuwa amekuja na maneno yake tayari, ya kuomba msamaha na ya kueleza habari za kolera, na yote aliyaona hayafai. Akaiangalia mikeka iliyokunjwa. Mama huyu alikuwa amemkaribisha katika mji usio wake, juu ya benchi lisilo lake, akamwonjea kama mwenye nyumba. Na mwenye nyumba ni nani hapa? Nani amekaa Ndosho miaka yote hii, ana paa, ana kaburi la mke wake katika udongo huu?

Akavua kofia, akaiweka mezani. Akainua kikombe juu kidogo, watu wakione, akanywa fundo moja kubwa lililomchoma koo. Akafuta ukingo kwa kiganja chake. Akainuka, akainama kidogo kama alivyoinamiwa, akakitoa kwa mikono miwili.

"Kunywa, mama," akasema. "Weye njo mugeni. Miye njo nilipaswa kukuonjea tangu mwanzo."

Nyirakamana alikitazama kikombe, akatazama ile mikono ya kizee. Muzee hakukiondoa. Alijua sasa jinsi mkono unavyokuwa mrefu ukiwa hewani na hakuna anayepokea.

Mama akakipokea kwa mikono miwili, akanywa. Akakaa kidogo, akionja tena mdomoni, kwa sababu ladha ya kahawa yake aliijua na asubuhi hiyo aliichemsha bila moyo.

"Tangawizi imezidi," akasema.

"Imezidi," Muzee akakubali. "Lakini nitarudi."

Mama Masika alishuka ngazi, akachukua mkeka mikononi mwa binti, akaurudisha stoo mwenyewe. Wenye pikipiki walikuwa wameshaanza kusukumana kwenye benchi. Muzee Adalbert aliwaambia wasogee, wampe mama nafasi ya kukaa.