Lori Halina Pembe

Nikisikia harufu ya grisi, hasira hunipanda hadi leo. Lori kuukuu la baba lilikuwa likigonga ko! kila akikanyaga mafuta. Fundi akasema ni difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Wakaifungua, wakaifunga, lori likaendelea kugonga.

Mama, aliyelima kwa plau ya ng'ombe, akawaambia, "Ng'ombe wakianza kuvuta, mnyororo uliolika hugonga hivyohivyo. Tazameni kile chuma kirefu kinachozunguka chini ya lori, pale kinapoungana."

"Kwani lori lina pembe?" baba akamjibu. Fundi akacheka.

Njiani kutoka Kasoli, tukiwa na pamba, kiungo cha propela kikakatika, chuma kile kirefu kikaanguka barabarani.

Jioni baba akawaambia wageni, "Mimi nilijua mapema ni propela. Fundi ndiye hakunisikia."

Mama alikuwa amepiga magoti mbele yake, akimnawisha grisi mikononi.